Karatasi Niliyojifanya Kuisoma

Mwanangu Eliwaza,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako ninaijua. Asubuhi nimekusikia ukikohoa nyuma ya jiko, ukajiziba mdomo kwa kanga ili nisisikie. Nimesikia. Sasa umekwenda kuwaaga shangazi zako kule nyumba za juu, na ninavyowajua, hawatakuachia mpaka wamalize kukupa maneno yote waliyonayo na mengine ya kuazima. Kwa hiyo nina nafasi. Nimekaa kwenye kigoda kivulini, daftari la kisomo liko gotini, na kuku nimewafukuza.

Kesho asubuhi utapanda basi la Singida mjini, kisha la Itigi, kisha treni mpaka shuleni Tabora. Habari za sabuni, shuka na kufuli la sanduku nimeshazisema mpaka umeanza kunijibu kwa kichwa tu. Hapa sizirudii. Ninataka kukwambia jambo ambalo kwa miaka tisa limenikaa kooni kama chakula kilichochacha, na leo nalitapika. Samahani kwa neno hilo. Sina jingine.

Unajua mama yako ni mtu wa kinyaa. Wanawake hapa kijijini wananicheka, ati Mama Eliwaza hunusa kata kabla ya kunywa, Mama Eliwaza akipewa ugali msibani huugeuzageuza kama anatafuta sindano. Ni kweli. Nachukia makamasi, nachukia mate, nachukia mtu anayejikuna halafu anakumegea muhogo. Wewe umerithi hilo kidogo, nimekuona ukifuta kikombe kwa ncha ya gauni. Lakini kinyaa hakina macho mazuri. Kwa miaka mingi mimi nilikirihika kwa kila kitu isipokuwa kile nilichopaswa kukirihika nacho.

Hukumbuki vizuri tembe letu la zamani, lile la kabla ya kuhamishwa. Ilikuwa nyumba ndefu, paa la udongo, mtu mzima anainama kuingia. Ndama na mbuzi walilala upande mmoja, sisi upande mwingine, na mkojo wao haukujua mpaka. Katikati moto, hauzimwi. Moshi haukuwa na pa kutokea, ulizunguka humo humo mpaka ukuta ukawa mweusi na kung'aa. Mvua ikinyesha, masizi yalidondoka kwenye chungu. Bibi yako alikuwa na kona yake ya kutemea ugoro, na kona hiyo ilikuwa karibu na kichwa cha kitanda chako.

Nilikuwa napiga deki pale kila siku kwa samadi mbichi na kuona nimesafisha. Na kwa kuwa wewe ulikuwa unakohoa, na upepo wa huku unajua unavyokata mwezi wa sita, nilikulaza karibu na moto. Ukikohoa zaidi, nilikusogeza karibu zaidi. Nilidhani nakuokoa na baridi. Nikiwaza leo, natamani kuuchukua ule mkono wangu niuchape.

Watoto wengine wa pale walipata mafua, wakafuta pua kwa kiganja, siku ya tatu wako machungani. Wewe mafua hayakuwahi kuishia kwenye mafua. Yalishuka kifuani, yakawa homa, kisha mbavu zako zikaanza kuzama ndani ukivuta pumzi. Masikio yalitoa usaha. Kabla hujatimiza miaka sita ulikuwa umeshapata kichomi mara tatu. Nilikuwa nakuamsha asubuhi na jicho moja nimelifumba, sitaki kuona kilichotoka puani mwako usiku kucha.

Watu walikuwa na majibu yao. Jirani mmoja alisema umelogwa. Mwingine alisema ni maziwa yangu mabaya. Bibi yako alisema ni kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, ati chako ni kirefu, kinakugusa ndani na kukukohoza; kikatwe. Alilisema hilo kila asubuhi na kila jioni, na mate ya ugoro yakimtoka pembeni. Mimi nilikataa. Nataka ujue kwamba nilikataa kwa muda mrefu, ingawa mwishowe haikusaidia kitu.

Mara ya tatu ulipougua, baba yako alikuwa Sekenke akitafuta dhahabu ambayo hatukuwahi kuiona. Nilikubeba mgongoni mpaka barabarani, tukapanda lori lililobeba asali na magunia ya vitunguu, tukafika hospitali ya misheni. Tulikaa wodini zaidi ya mwezi. Jinsi nilivyoichukia wodi ile! Harufu ya dawa, mabakuli ya kutemea yenye vifuniko visivyofunga, mama wa kitanda cha jirani aliyekuwa akilia na kula kwa wakati mmoja. Nilihesabu siku za kutoka kama mfungwa.

Daktari alikuwa Mwafrika, mrefu, mguu mmoja wa miwani yake umefungwa uzi. Alikutoa damu, nyingine akaituma hospitali kubwa. Majibu yaliporudi aliniita pembeni.

"Mama, kila mwili una kinga yake," alisema. "Ndiyo inayopigana na vijidudu vya magonjwa. Huyu mtoto kinga yake ni pungufu. Ndiyo maana mafua ya wenzake kwake yanakuwa kichomi."

"Nani kamfanyia hivyo?"

"Hakuna mtu. Kazaliwa hivyo, kama mimi nilivyozaliwa na macho hafifu." Akagusa miwani yake. "Siwezi kumpa macho mapya mtu, lakini naweza kumpa miwani. Mtoto huyu ataishi, ila kuna mambo ya kufuata."

Hapo muuguzi akaja mbio, kuna mtoto amepata degedege. Daktari akachukua karatasi, akaandika kwa haraka, akapiga mhuri.

"Unasoma?" akaniuliza.

"Nasoma," nikasema.

"Basi nimekuandikia kwa Kiswahili, yote yamo. Usome na baba yake." Akaondoka akikimbia.

Eliwaza, sikuwa najua kusoma. Sikuwa najua hata herufi ya jina lako. Ningesema hapana, angerudi baada ya yule mwenye degedege, angeketi, angenieleza moja baada ya jingine. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Lakini nilikuwa nimevaa kanga safi na sikutaka anione mshamba.

Na uongo ule haukuanzia pale. Baba yangu, walipokuja kuniposa, aliwaambia wakwe kwamba nimekaa shule ya misheni miaka miwili. Nilikaa wiki tatu, nikafukuzwa kwa kupigana. Nilipoolewa nikakuta nyumba nzima inajivunia mke anayesoma. Baba yako akiandika barua kutoka Sekenke, niliipeleka kwa siri kwa mwinjilisti, anisomee mara mbili, nami niikariri njiani. Nikifika nyumbani nakaa katikati ya watu, nakunjua karatasi, nakunja uso, na "nasoma". Nilijua hata mahali pa kusimama kidogo kana kwamba mwandiko ni mbaya. Bibi yako aliwaita majirani waje wasikilize. Nilipenda siku zile, na leo nikizikumbuka najisikia kama mtu aliyekunywa maji kisha akakuta mjusi ndani ya kata.

Siku tuliporudi kutoka hospitali mwinjilisti alikuwa amesafiri. Nilidhani nitasubiri. Lakini bibi yako aliiona ile karatasi imechomoza kwenye fundo la kanga, na mhuri wake wa zambarau. Wifi zangu wawili walikuwapo, na mzee mmoja jirani, na wewe ulikuwa umelala mapajani mwangu.

"Tusomee, Mama Eliwaza," bibi yako akasema.

Nikajaribu kuwaeleza kwa mdomo. Nikasema daktari amesema mtoto ana upungufu wa kinga.

"Kinga ni kitu gani?"

"Ni ya mwilini. Inapigana na ugonjwa."

"Inakaa wapi? Kichwani? Tumboni?"

Wifi mmoja akacheka. Unaona, kinga hakuna aliyewahi kuiona, ila kimeo kila mtu anaweza kukiona, ukimwambia mtoto aachame. Bibi yako akakuamsha, akakushika kidevu, akawaonyesha wote. "Hiki hapa. Haya, soma karatasi. Si anasema kimeo?"

Nikaitazama karatasi. Mistari ilikuwa mingi, imelala kwa upande kama nyasi. Watu watano walikuwa wananitazama. Ningesema sijui kusoma, barua zote za baba yako zingegeuka kuwa uongo pale pale, mbele ya wifi zangu.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Anasema kimeo."

Nikaona haitoshi, nikaendelea. Nikakunja uso, nikasimama kidogo kwenye mwandiko mbaya, nikasoma: "Mtoto huyu kimeo chake ni kirefu. Kikatwe." Hata sauti ya daktari niliiga.

Mpaka hapo mwanangu unaweza kuacha kusoma, ukanichukia, ukaenda zako. Nisingekulaumu. Lakini endelea, kwa sababu yaliyobaki yanahusu kifua chako na wala si aibu yangu.

Mkataji wa vimeo aliletwa siku ya tatu. Mzee mwenye kucha ndefu za njano, anayenuka mbuzi dume. Chuma chake kilikuwa na ncha iliyopinda, alikitoa kwenye kipande cha ngozi, akakifuta pajani. Pajani, Eliwaza, mahali alipokuwa akijikuna! Mimi ambaye hunusa kata sikusema neno. Akaomba mtu wa kukushika kichwa. Wifi zangu wakasogea nyuma. Nikakushika mimi. Ulinitazama juu chini, macho yako yamegeuka, ukadhani nimekushika nikusaidie.

Sitakueleza yote. Nitakueleza moja tu. Alipomaliza alikiweka kile kinyama kwenye jani ili watu waone. Bibi yako akasema, "Tazameni kilivyokuwa kirefu." Akaja kuku, akakidonoa, akakimbia nacho uani, na wenzake wakimfukuza. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, mwanangu. Wewe unatema damu mapajani mwangu, mimi nacheka ili nisionekane nalia.

Umeniuliza mara ngapi kwa nini sili kuku. Nilikuwa nasema nyama yake inaniletea vipele.

Kwa mtoto mwingine labda kidonda kingekauka. Wako waliokatwa wakapona, ndiyo maana watu wanaamini. Wewe kidonda chako kilioza. Siku ya nne shingo imevimba, harufu inayotoka mdomoni mwako nilishindwa kuikaribia, homa inakurukisha kitandani. Mwinjilisti alikuwa amerudi, akakufunga nyuma ya baiskeli yake kwa kanga yangu, mimi nakimbia pembeni. Sikukubali tukupeleke kwa daktari wa miwani. Nilisema ni mbali. Ukweli niliogopa atauliza, "Hukuisoma?" Tukaenda zahanati ya karibu, wakakuchoma sindano siku nyingi, ukapona kwa bahati.

Ukapona ukiwa na koo lenye kovu. Uji ukawa unarudi kwa pua. Maneno yako yakawa yanapitia puani, na watoto wakakupa lile jina ambalo silitaji. Na hapa kuna jambo baya kuliko uongo wangu, nalo nimelificha hata kwenye maombi. Nilikuonea kinyaa. Nilikuwa nakulisha uji huku nimegeuza uso. Kata yako niliitenga, nikawaambia watu ni agizo la hospitali. Mtoto wa miaka sita, umefanywa hivyo na mimi, halafu mimi huyo huyo nashindwa kukutazama ukila. Nimemchukia mkataji, nimemchukia bibi yako na ugoro wake, lakini hakuna uchafu niliouona maishani unaofikia ule wa uso wangu uliogeuka pembeni.

Baba yako aliporudi aliuliza karatasi iko wapi. Nilimwambia mama yake ameifungia ugoro. Akakunja pua, hakuuliza tena.

Na wewe ulipopata sauti uliniuliza, "Mama, kwa nini walinikata?" Nikakujibu, "Daktari alisema." Hayo maneno mawili ndiyo yaliyokufanya ukimbilie mashambani kila walipokuja watu wa chanjo. Ndiyo yaliyokufanya ufiche homa. Ulikuwa unaona joho jeupe, unafunga mdomo kwa viganja vyote viwili. Watu walikuona mkaidi, na mimi nikakuacha uitwe mkaidi.

Tukahamishwa. Unakumbuka vizuri siku ya lori, na mgambo waliong'oa milango. Nililia kama kila mtu, nikawatukana chini chini, na mpaka leo siwasifu kwa namna walivyotuhamisha, wazee wakitupwa juu ya lori pamoja na vyungu. Lakini nyumba hii mpya tuliagizwa jiko liwe nje na mifugo iwe na zizi lake. Nililalamika sana, ati nitapikaje nje kama mtu wa msibani. Mwaka ule wa kwanza, Eliwaza, uliugua mara mbili tu. Mara mbili! Nilisimama mlangoni usingizi wa mchana ukiwa umekuchukua, nikasikiliza pumzi yako, haikukoroma. Nikaangalia jiko kule nje, moshi wake unapanda zake angani. Miaka yote ile nilikuwa nakuvutisha moshi kwa mkono wangu.

Kisha kikaja kisomo. Balozi wetu wa nyumba kumi alisema kila mtu mzima aende, na mimi nikasema mimi ninasoma tayari. Mwalimu, yule binti aliyemaliza la saba, alikuja mpaka hapa nyumbani. Hakunicheka. Aliweka kitabu mbele yangu mbele ya bibi yako, akasema, "Mama, soma hapa." Nikakunja uso, kidole kikizunguka juu ya ukurasa. Bibi yako akanitazama muda mrefu, akatema ugoro wake, akasema macho ya mkwewe yameharibika kwa moshi. Sijui kama alikuwa ananisitiri au alikuwa anajisitiri mwenyewe. Nikaenda kisomo kama mgonjwa wa macho.

Ile karatasi sikuwahi kuitupa. Kitu chenye mhuri wa hospitali nilikiogopa. Ilikaa kwenye kopo la majani ya chai pamoja na cheti chako cha ubatizo, ikahama nasi kwenye lori. Mwaka jana, wakati mtama unaanza kutoa masuke, nilikaa juu ya jiwe kule shambani nikaikunjua. Ilinichukua mchana mzima, kidole kwenye kila herufi. Imeandikwa hivi:

"Kwa wazazi. Mtoto huyu ana upungufu wa kinga ya mwili. Si uchawi. Si kimeo. Asikatwe kimeo wala kuchanjwa chale, kidonda kwake ni hatari. Asilale penye moshi wala pamoja na mifugo. Akipata homa au makohozi ya kijani aletwe siku hiyo hiyo, asisubiri. Dawa azimalize hata akijisikia mzima. Akifuata haya anaweza kukua na kusoma kama wengine."

Si kimeo. Alikuwa amepigia mstari chini yake. Daktari yule alijua watu wake, alijua tutafanya nini, akaandika mapema. Nilitapika pale shambani, kweli kweli, mpaka uchungu wa nyongo.

Na baada ya hapo nilikaa kimya mwaka mzima. Ndiyo, mwaka. Nilikuwa najua, na nikakaa. Hili usinitafutie sababu ya kunitetea. Sikuwa tena mwanamke asiyejua kusoma. Nilikuwa mwanamke anayejua.

Kilichonifungua ni kile kitambaa. Wiki ya mtihani wako wa la saba nilinyanyua godoro lako nikalikung'ute vumbi nje, nikakuta kipande cha kanga kimekauka, cha kijani, kina michirizi ya damu. Nilikishika kwa mkono mtupu. Nakwambia hivyo ujue. Nikakuita.

"Tangu lini?"

"Wiki mbili, mama."

"Twende hospitali."

"Siendi. Nitakufa hapa hapa."

"Eliwaza!"

"Walisema watanitibu, wakanikata. Wewe si ulisoma barua yao? Siendi, na Tabora wakiniuliza nitasema kifua changu kizima."

Nilipaswa kukwambia siku ile. Badala yake nilimwomba mwalimu wako, naye akamleta mganga wa zahanati kwa hila, ukapewa dawa ukidhani ni za malaria. Ulizinywa siku tatu, ukapata nafuu, zilizobaki ukazitupa chooni. Niliziona.

Sasa unakwenda kulala kwenye bweni la wasichana wengi. Vitanda vimebanana, mmoja akipiga chafya wote wanapata. Wao watafuta pua. Wewe hutaishia kufuta pua tu, na mimi sitakuwapo kusikiliza mbavu zako. Ukificha kule kama unavyoficha hapa, barua itakayofuata hapa nyumbani itaandikwa na mwalimu mkuu, na nitaisoma mwenyewe bila kusaidiwa. Nimekwisha kuiona hiyo barua kichwani, najua hata mkunjo wake. Ndicho ninachokiogopa, kuliko kukosa heshima yako.

Hospitali haikukukata, mwanangu. Daktari aliandika usikatwe. Aliyekukata ni mzee wa chuma cha paja, na aliyemleta ni bibi yako, na aliyemfungulia mlango ni mimi. Chuki yako ina haki kabisa, ila umeielekeza nyumba isiyo yake. Igeuze huku. Nitaibeba, nina mgongo. Lakini siku homa ikikugusa, siku hiyo hiyo, tafadhali nenda kwa hao watu wa majoho meupe, wape karatasi ya daktari, na uachame wakutazame. Wakikueleza jambo usilolijua, waambie hujalielewa, hata kama umevaa sare mpya na wenzako wako nyuma yako kwenye foleni. Mimi neno "sielewi" lilinishinda mbele ya daktari, na wewe ndiye uliyelipa kwa koo lako.

Msamaha siombi. Nikiomba utaona huruma, utanisamehe haraka haraka kabla ya basi, na msamaha wa namna hiyo nao utanitia kinyaa. Chukua muda wako. Miaka tisa mimi nilichukua wangu.

Nilikuwa nimepanga kukiweka hiki kidaftari chini ya shuka sandukuni, ukikute Tabora, ili nisione uso wako. Nimeandika mpaka hapa ndipo nimeona ni uoga ule ule, umebadilisha kanga tu. Kwa hiyo nitakupa mkononi ukirudi kwa shangazi zako. Kisome nyuma ya nyumba, peke yako. Ukitaka kupiga kelele, piga.

Kisha ingia ndani. Bibi yako ameshamkamata yule jogoo mwekundu wa kukuaga, baba yako yupo, wifi zangu wote wawili wanakuja. Kabla ya chakula nitawaambia mtoto ana kitu cha kutusomea. Karatasi ya daktari iko ndani ya kurasa hizi. Simama, uisome yote kwa sauti, kwa sauti yako hiyo hiyo ya puani, mpaka ufike kwenye mhuri. Nitakuwa nimekaa kando ya bibi yako kama siku ile, na sitageuza uso.

Namjua bibi yako, hatakuacha umalize. Atakukatiza katikati, aulize, "Si anasema kimeo?"

Usimjibu. Nitamjibu mimi: "Hapana, mama. Hasemi kimeo. Hakuwahi kusema."

Ni mimi mama yako, nimeandika kwa mkono wangu.